Kikohozi cha Baba Mkwe

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mianzi Atupele alipotoka na mundu kwenda kukata majani ya kulalia.

Ilikuwa kazi ndogo. Kushika nyasi kwa mkono wa kushoto, kupitisha mundu chini, kuweka kando. Lakini kila alipoinama aliona kama hatainuka tena. Haukuwa uchovu wa kupanda mlima siku ile. Ulikuwa uchovu wa miezi kumi, ule unaolala nao na kuamka nao, na hata kanisani unakaa nao kwenye benchi moja.

Mbele yake kilikuwa kinamasi cha Nsyeto. Matete, maji meusi, visiwa vya nyasi vinavyotikisika ukivikanyaga, kisha matete tena mpaka macho yachoke. Huku juu, mbali nyuma ya mashamba ya viazi ya Isongole, ni nchi ya baridi na ukungu. Hapalimwi. Ni eneo la wanyama la serikali, na anayelala humo ni mwenye kibali, au mwindaji, au mtu aliyekosa pengine pa kwenda.

Asajile alilala humo siku nne. Siku ya tano hakurudi.

Asajile alikuwa mumewe. Alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe mpaka watu walipoanza kupunguzwa, akarudi nyumbani Kawetele na barua, blanketi moja na kikohozi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalijaa sabuni na khanga tena, kila mtu akaambiwa afanye biashara, na wasiokuwa na cha kuuza wakaenda kukitafuta porini. Alawi, mfanyabiashara mmoja wa Kiwira, alikuwa ananunua korongo taji, wale wenye shada la dhahabu kichwani. Aliwataka wazima, wapelekwe Dar es Salaam, na kutoka huko ng'ambo, kufugwa kwenye bustani za matajiri.

"Ndege anapanda ndege," Asajile alisema akicheka, "na mimi sijawahi hata kuiona kwa karibu!"

Akaazima kabuti la baba yake kwa sababu ya baridi, akabeba nyavu, akaenda.

Wanaume wa kijiji walimtafuta wiki mbili. Walikuta kibanda chake, nyavu zimetundikwa vizuri, sufuria ya maharage imefunikwa. Yeye hawakumkuta. Mchungaji alikuja nyumbani, akasali, akasema kwa upole kwamba hawezi kusoma ibada ya maziko juu ya shimo tupu. Kwa hiyo Atupele hakuwa mke na hakuwa mjane. Watu hawakujua wampe pole au wamwambie avumilie. Alichotaka ni kaburi. Mahali pa kusimama siku ya Pasaka alfajiri, wengine wanaposimama kwenye makaburi ya watu wao. Na usiku, akishamaliza kumwombea mtoto na kuombea chakula, aliongeza maneno yale yale: Bwana, nionyeshe uso wake. Mara moja tu.

Sasa baba mkwe, mzee Ambindwile, alikuwa ameamua. Watakwenda walale karibu na pale alipolala mwanawe. Alfajiri atamwita kwa jina, achukue udongo wa mahali pale katika kitambaa cheupe, awarudishe wote wawili, mwanawe na udongo, migombani kwao. Mchungaji alisema udongo si mwili. Mzee alijibu kwamba mtu naye alikuwa udongo kwanza. Wakaachana hivyo. Alawi alileta turubai na sukari, akakaa kidogo uani, akaondoka.

Walikwenda watatu: mzee, Atupele, na Prisca, dada yake Asajile. Prisca ilibidi awepo. Bila yeye safari isingewezekana.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hili si jambo la chuki, ni heshima. Ukimsikia anakuja njiani unaingia migombani, unachuchumaa, unampa mgongo, unajifunika khanga usoni mpaka apite. Jina lake hulitaji kamwe. Chakula unakiweka chini, unaondoka, ndipo anakichukua. Kanisa limesema sana kuhusu jambo hili, na vijana wa mjini wanalicheka. Lakini Atupele alifundwa na bibi yake, na miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa hajauona uso wa mzee yule. Alimjua kwa kikohozi. Khm. Khm-khm. Kimoja, halafu viwili vya haraka, kama mtu anayebisha hodi.

Asajile alikuwa na kikohozi hicho hicho. Na alikuwa mtu wa mzaha. Mwaka wao wa kwanza alipenda kurudi kutoka kazini, akifika kwenye migomba anakohoa kama baba yake. Khm. Khm-khm. Atupele anatupa ndoo, anajitosa vichakani, anajifunika uso moyo ukimdunda. Hatua zinakuja, zinasimama nyuma yake. Kimya. Halafu kicheko.

"Toka huko, mama. Ni mimi."

Alikuwa anampiga kwa khanga mpaka anachoka, na yeye anacheka tu.

Siku hiyo, wakipanda, kwenye kibanda cha lindo, mwanzo wa msitu, Amoni, bwana nyama wa eneo lile, aliwaandikia kibali cha siku mbili.

"Fomu ina kuwinda, kupiga picha na utafiti," alisema akilamba kidole kufungua ukurasa. "Ya kumtafuta marehemu hawakuweka. Nimeandika utafiti."

"Andika unavyojua, mwanangu," mzee alisema.

Atupele alikuwa amesimama mbali, amewapa mgongo. Alisikia kalamu ikikwaruza, halafu sauti ya Amoni ikashuka.

"Jambo moja, mzee. Ukisikia unaitwa humo, usiitike kabla hujahesabu watu wako. Wakitimia, kaa kimya. Aliyekuita si wenu."

"Na wasipotimia?"

"Hapo uende."

"Kakangu Amoni, mbona unatutisha na mshahara wa serikali unakula?" Prisca alisema.

"Dada, mshahara wenyewe huu ndio unaonitisha zaidi." Akacheka, lakini hakucheka sana.

Basi Atupele alifunga nyasi zake mzigo mmoja, akaubeba kichwani, akarudi kambini. Walikuwa wamejenga mahali pakavu, penye mianzi. Turubai la Alawi upande wa wanawake. Kibanda cha matawi upande wa mzee. Katikati, kiambaza cha mianzi na majani, kirefu kuliko mtu, ili kila mmoja akae kwa heshima yake. Moto huku, moto kule.

Prisca alikuwa amejikunja chini ya turubai, meno yanagongana.

"Wifi, kichwa kinanipasuka. Ni hii baridi."

"Meza hizi." Alimpa Aspro mbili na maji ya moto. "Baba yuko wapi?"

"Amekwenda kuitazama njia ya kwenye kile kibanda cha Asajile kabla giza halijaingia. Amejifunga blanketi langu, ona mimi ninavyokufa. Anasema anarudi sasa hivi." Alivuta magunia juu ya mabega. "Na chakula utampaje, mimi nikiwa hivi? Nani atasema naye?"

"Nitajua."

"Fanya kama bibi zetu. Ongea na mwanzi. Mwanzi utamwambia."

Alicheka kidogo, akageukia ukuta wa turubai. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala, na usingizi wa homa ni kama shimo, huwezi kumtoa mtu humo kwa kumgusa bega.

Atupele alimenya viazi. Alivichemsha mpaka maji yakakauka, akaweka samaki mkavu wa ziwani juu, akafunika. Ukungu ulianza kupanda kutoka kwenye maji. Haukuja kwa haraka. Ulikuja kama mtu mzee anayepanda ngazi, akipumzika. Ulimeza matete ya mbali, ukapumzika. Ulimeza ya karibu. Mahali fulani tohe, swala wa matete, alipiga mluzi, ule mluzi wao wa hofu. Mara moja. Halafu mbali zaidi, mara ya pili.

Vyura walikuwa wanapiga kelele tangu alasiri.

Wakanyamaza.

Wote, kwa wakati mmoja...

Alishika mwiko, akasikiliza. Maji yalitikisika upande wa kinamasi. Chubwi. Chubwi. Hatua za mtu anayetoa miguu kwenye tope, mmoja mmoja, bila haraka.

Khm. Khm-khm.

Atupele alishusha pumzi. Baba amerudi. Aligeuka, akachuchumaa, akavuta khanga usoni kama alivyofundwa. Hatua zilipita karibu sana, karibu kuliko mzee alivyozoea kupita. Chini ya pindo la khanga aliona kipande cha ardhi, na juu ya ardhi ile likapita pindo la kabuti, limelowa, linadondosha maji meusi. Kukaja harufu. Tope, majani yaliyooza, na chini yake kitu kingine alichokijua, kikavu, kama moshi wa zamani. Makaa ya mawe.

Hatua zikazunguka kiambaza. Kitu kikakaa karibu na moto wa kule.

Alisikitika moyoni. Mzee wa watu amelowa. Angemwambia avue akaushe, lakini hilo si neno la kumwambia baba mkwe. Alipakua viazi kwenye bakuli la bati, akaweka samaki mzima juu. Alizunguka kiambaza kinyumenyume, macho chini, akaliweka bakuli, akarudi upande wake. Akakaa. Akashika mwanzi mmoja wa kiambaza kwa vidole viwili.

"Wewe mwanzi," alisema polepole, "mwambie baba chakula kiko tayari."

Maji yalidondoka. Tone... tone...

"Mwanzi," sauti ikajibu, ya chini, imekauka, kama ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. "Mwambie mama, ndaga. Ahsante."

Alimsikia anakula. Alikula taratibu.

"Mwanzi, muulize baba kama njia ameiona."

"Ameiona."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ni hapa hapa."

Moto wa kule ulikuwa unatoa sauti ya kuni mbichi, ssss, ingawa kuni alizipanga Atupele mwenyewe na zilikuwa kavu.

"Mwanzi," sauti ikasema baada ya muda, "muulize mama. Yale meno ya mbele ya mtoto yameota?"

"Yameota," Atupele alijibu. "Yote mawili."

"Vizuri."

Alikuwa amechoka mno kujiuliza. Mzee anaishi nao ua mmoja. Anamwona mjukuu wake Anyitike kila siku anavyokula mahindi kwa meno hayo. Lakini uchovu ni kama ukungu, humeza vya mbali kwanza.

"Mwambie mama amechoka," sauti ikasema. "Alale. Kesho tunakwenda nyumbani."

Miezi kumi watu walimwambia Atupele avumilie, asali, ajikaze. Hakuna aliyemwambia amechoka.

"Ni kweli, baba," alisema, akasahau kupitisha maneno kwa mwanzi. "Nimechoka."

Kule kikaja kikohozi tu, kidogo, kama cha mtu anayezuia jambo lisimtoke.

Kabla hajajilaza alikumbuka maneno ya bwana nyama. Akahesabu. Prisca amelala. Baba yuko kule kwenye moto wake. Na mimi. Watatu. Tumetimia.

Mahali fulani mbali, kinamasini, kitu kilikuwa kinaita. Sauti nyembamba, haishiki neno. Ndege labda.

Hakuitika. Watu wake walikuwa wametimia.

Akalala, na alilala usingizi mzito kuliko usiku wowote tangu Asajile aondoke.

Kulipopambazuka hakukuwa na rangi, weupe tu. Ukungu ulikaa mlangoni mwa turubai kama pamba. Atupele aliketi, akasali, akaenda kuchukua bakuli ili alioshe kabla mzee hajaamka. Alikohoa kwa adabu kumjulisha. Akazunguka kiambaza macho chini.

Moto wa kule ulikuwa umekufa. Majivu yalikuwa yamelowa, yamekuwa uji. Nyasi zilizokaliwa zilikuwa zimelala, na juu yake maji yametuama.

Bakuli lilikuwa limefunikwa chini, mdomo ardhini.

Alisimama akilitazama muda mrefu.

Asajile alikuwa anafanya hivyo. Kwao wanaume hula peke yao, na mke hupata kilichobaki chunguni. Ila Asajile, akishakula, alikuwa anageuza bakuli, na chini yake anaacha kitu kwa siri, mama yake asione. Atupele alikuwa anapenda kichwa cha samaki. Hakuna aliyelijua hilo duniani isipokuwa mtu mmoja.

Aliinama. Akainua bakuli.

Kichwa cha samaki.

Kizima. Kimewekwa katikati, juu ya jani.

Ndipo mambo yote yakaja pamoja. Mzee alikuwa amejifunga blanketi la Prisca. Kabuti alilichukua Asajile. Harufu ile. Meno ya mtoto... Asajile aliondoka Anyitike akiwa kibogoyo.

"Wifi?" Prisca alikuwa amesimama nyuma yake, uso umevimba kwa homa. "Baba yuko wapi?"

Atupele alifungua mdomo. Kutoka ndani ya ukungu, upande wa kinamasi, ikaja sauti ya mtu mzee. Ilikuwa imebaki kama uzi.

Prisca alikimbia juu, kwenda kumwita Amoni. Atupele hakungoja. Aliingia kwenye matete akitambaa, akishika mashina, akifuata sauti, tope likimvuta magoti. Alimkuta hatua mia mbili tu kutoka kambini. Mzee Ambindwile alikuwa amezama mpaka kifuani, mikono imekumbatia kisiwa cha nyasi, midomo ya bluu. Alikuwa hapo tangu jioni.

Heshima ya miaka kumi na miwili iliishia hapo. Atupele alimkumbatia chini ya kwapa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ni Asajile. Asajile aliyezeeka, mwenye mvi, mwenye mikunjo ambayo sasa hangeipata tena. Nyusi zile zile. Pua ile ile. Atupele alilia kwa sauti, na hakujua analia kwa ajili ya nani.

"Uliniita," mzee alisema.

"Sikukuita, baba."

"Uliniita kwa jina langu. Sauti yako. Nikasema, mke wa mwanangu hawezi kulitaja jina hilo ila kama watu wamekufa. Nikaiacha njia."

Amoni alifika na kamba na mwanzi mrefu. Walimfunga, wakavuta. Alipokuwa akivuta, bwana nyama alisema, bila ukali, "Hukuhesabu, mzee."

"Nimhesabu vipi mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?" Mzee alikuwa anatetemeka mpaka maneno yanakatika. "Niligeuka kutazama kambini. Nikaona kiambaza. Ningezungukaje? Nikaifuata sauti. Baadaye, nilipokwama, niliuona moto wenu. Ukungu ulifunguka kidogo. Nikaona watu wawili wamekaa wanazungumza, mmoja huku, mmoja kule. Nikapiga kelele. Nikajiuliza, nani yule amekaa mahali pangu?"

Prisca alimtazama wifi yake. Atupele alitazama maji.

"Nisingekuwa hai," mzee aliendelea. "Chini hakuna mwisho hapa. Lakini miguu ilikanyaga kitu. Kikanishika usiku kucha."

Amoni alichomeka mwanzi pale alipotoka mzee. Akaugeuza. Akavuta polepole, na likaja juu kabuti, jeusi kwa tope, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

Halikuwa tupu.

Walimzika Jumapili iliyofuata, Kawetele, migombani. Mchungaji alisoma ibada yote, kwaya iliimba, na Alawi alikuja kutoka Kiwira akasimama nje ya uzio na kofia yake mkononi mpaka udongo wa mwisho. Atupele alipata kaburi lake. Alimshukuru Mungu, na alimshukuru kwa moyo wa kweli. Katika taarifa yake Amoni aliandika kwamba mtu aliteleza. "Ningeandika nini kingine?" alimwambia Prisca. "Fomu haina nafasi."

Lakini mzee hakupata joto tena. Walimwekea moto, mablanketi, maji ya moto kwenye chupa. Hospitali walimpa sindano. Baridi ilikuwa imeingia ndani ya mifupa na haikutaka kutoka. Majirani walisema kinamasi kimetoa mmoja na kimedai mwingine. Prisca alikataa. Alisema kaka yake alimwita baba ili aonekane, azikwe, na alimbeba kwa mabega yake mwenyewe usiku mzima asizame. Hilo lilikuwa neno zuri, na Atupele alilipenda. Alijaribu kulala nalo.

Ila kama ni hivyo, kwa nini alimwita kwa sauti ya mke wake? Na kama alikuwa chini amembeba baba yake, aliyekula viazi alikuwa nani?

Ni Atupele aliyemuuguza mzee. Hakujifunika tena. Jioni moja, wiki mbili kabla ya Pasaka, mzee alifumbua macho.

"Yule aliyekaa mahali pangu. Ulimwona uso?"

"Sikumwona, baba. Nilimpa mgongo. Nilimheshimu."

Kuni zilipasuka.

"Ulimheshimu nani?" aliuliza.

Kila usiku Atupele alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe uso ule mara moja tu. Na uso ulipoletwa, ukakaa hatua tatu kutoka kwake, ukala chakula chake na kuuliza habari za mtoto, aliinamisha macho kama mke mwema. Kama alikuwa ni yeye. Kama hakuwa yeye, basi macho yale yaliyoinamishwa ndiyo yaliyomwokoa. Amemuuliza Mungu ni lipi kati ya haya mawili. Bado anauliza.

Mzee alifariki Alhamisi Kuu. Wakamlaza kando ya mwanawe.

Sasa ni jioni nyingine. Atupele anatoka mtoni na ndoo kichwani. Anapita kwenye migomba, karibu na makaburi mawili, na ukungu unashuka kutoka mlimani, ukipumzika, ukishuka tena. Vyura wa mtoni wananyamaza.

Khm. Khm-khm.

Haji kila jioni. Huja siku ambazo amechoka sana.

Baba mkwe hatazamwi, hata akifa. Hilo alifundwa. Mume akirudi, unamkimbilia. Hilo hakuhitaji kufundwa. Na kikohozi ni kimoja.

Atupele anatua ndoo. Anaingia migombani, anachuchumaa, anageuza mgongo, anavuta khanga usoni. Hatua zinakuja, chubwi, chubwi, ingawa njia ni kavu. Zinasimama nyuma yake. Kuna harufu ya makaa ya mawe. Maji yanadondoka kwenye majani makavu, tone, tone.

Akicheka, atageuka.

Anangoja.

Mpaka leo hajacheka.